Bunduki zikilia, nani huhesabiwa kambini?

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu ndani ya hema la jikoni, kando ya zamu za kuosha vyombo. Ilikuwa orodha ya dharura. Kulikuwa na majina ya wanafunzi 14 kutoka ng'ambo, kila mmoja na nambari ya pasipoti, aina ya damu na simu ya mzazi. Wakafuata wahadhiri watano. Sisi wanafunzi wanne wa Kenya tuliongezwa chini kwa kalamu, majina matupu. Halafu mstari wa mwisho kabisa: "Wafanyakazi wa hapa – 11."

Hivyo tu. Kumi na moja. Hakuna jina hata moja.

Nilipita mbele ya karatasi hiyo mara tatu kwa siku, wiki tatu nzima, nikienda kuchukua chai. Sikuona kasoro yoyote. Niliiona asubuhi ile tulipoambiwa tufunge mizigo kwa dakika 20.

Wacha nianze mwanzo, tusikanganyane.

Mimi ni wa Matuu. Kama umewahi kupanda basi la Mwingi au Garissa kutoka Nairobi umepita kwetu, na huenda mwaitu, yaani mamangu, amewahi kukuuzia maembe kupitia dirishani. Nilijiunga na chuo kikuu kimoja cha umma kusomea historia na akiolojia, kozi ambayo mjomba wangu hadi leo huiita "digrii ya kutafuta mifupa". Mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Siku hizi naandika mtandaoni na kusaidia watu kujaza fomu kwenye saiba ya binamu yangu. Kwa hivyo anayekuandikia hapa si msomi. Ni mtu aliyeona kitu na kimekataa kumtoka.

Kabla sijaacha masomo nilibahatika. Kulikuwa na kambi ya mafunzo ya uchimbaji Turkana, kusini mwa Lodwar, na nafasi nne za wanafunzi wa Kenya. Nikapata moja. Sitataja kambi wala chuo, maana sikuja hapa kumchongea mtu.

Nyumbani walifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar inapita Kainuk, kwenye mpaka wa Pokot Magharibi na Turkana, na kila anayesikiliza redio anajua sifa za sehemu hiyo. Hata serikali haifichi. Februari 2023 ilitangaza sehemu za kaunti sita, yaani Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu, kuwa zenye vurugu na hatari, na wanajeshi wakatumwa kuwasaidia polisi. Mwaitu aliniuliza swali moja tu: "Huko, kukiharibika, ni nani atakutoa?" Nikamwambia kuna mipango. Sikuwa nimeiona hiyo mipango.

Maisha ya kambini ni matamu, nisikudanganye. Unaamka saa kumi na moja kukiwa bado na ubaridi. Unakung'uta viatu kwanza kwa sababu nge hupenda kulala humo. Chai, mandazi ya jana, halafu mnapanda lori kwenda shimoni kabla jua halijapanda. Ardhi imegawanywa kwa uzi na vigingi kuwa miraba ya mita moja kwa mita moja. Unapewa mraba wako, mwiko kama wa fundi wa mawe, brashi na ndoo. Unakwangua sentimita tano, unapima, unaandika, unapiga picha, unakwangua tena. Udongo wote unapitishwa kwenye chekeche ili hata jino la panya lisipotee.

Saa sita jua linawafukuza. Alasiri ni kuosha vipande na kuviandika nambari kwa wino mweusi chini ya mgunga. Jioni kuna somo, kisha kila mtu anakimbilia kilima kimoja tulichokiita Safaricom, kwa kuwa ni hapo tu simu zilishika mtandao. Ugali na maharagwe Jumatatu, wali na maharagwe Jumanne, na Jumamosi mbuzi. Usiku upepo unavuta hema kana kwamba linadaiwa.

Mraba wangu ulinipa mifupa ya samaki. Vipande vya uti wa mgongo wa mbuta, vingine vinene kama kidole gumba changu, mahali ambapo leo unatembea hadi uchoke kabla hujaliona ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita maji ya Turkana yalifika hapo, na watu walikuwa wakivua. Ukishika mfupa huo mkononi, kozi ya kutafuta mifupa inaacha kuwa mzaha.

Lakini aliyenifunza kazi hakuwa profesa. Alikuwa mfanyakazi mmoja Mturkana, tulimwita Mzee, ambaye hakuachana na ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mtu hukalia mchana na kuweka kichwa usiku. Alikuwa amefanya kazi ya kuchimba tangu kabla sijazaliwa. Siku ya pili nilimletea kitu nilichodhani ni jiwe. Akakichukua, akakigusisha ulimini, akanirudishia. "Weka ulimi," akasema. Nikaweka. Kikanasa. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, ndiyo maana hunasa ulimi, na jiwe halinasi. Miaka yangu ya chuoni hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Kwenye chekeche nilishirikiana na kijana wa rika langu. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, nadhifu kabisa, na alikuwa akiweka akiba ajiunge na chuo cha ufundi Lodwar. Tulibishana kuhusu Arsenal tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikamfunza Kikamba cha matusi, naye akanifunza Kiturkana cha heshima. Mpaka leo naona yeye alikuwa muungwana kunishinda.

Sasa ile asubuhi. Ilikuwa wiki ya tatu, siku ya Jumanne. Tulipofika shimoni, Mzee hakushuka na wengine. Alisimama ukingoni akitazama mbali, kwenye laga. Kulikuwa na wanawake wakipita na punda, kama kila siku. Mimi niliona wanawake na punda. Yeye aliona kwamba punda hawakubeba mitungi ya maji. Walibeba ngozi za kulalia, vibuyu na watoto wadogo, na walikuwa wakielekea barabarani, upande usio wa kisima. Tena upande walikotoka hakukuwa na moshi wowote wa asubuhi.

Akamwendea mkuu wa kambi, akamweleza. Akajibiwa kwa adabu: asante Mzee, tutapiga simu tuulize. Tukaendelea kukwangua. Ilipita kama saa moja hivi ndipo simu ikaja kutoka Lodwar. Usiku majangili walikuwa wamevamia boma la mifugo upande ule. Watu walikuwa wameuawa, mifugo imechukuliwa, na gari moja limepigwa risasi barabarani.

Hapo ndipo tukapewa dakika 20. Kulikuwa na Landkruza tatu na lori la mizigo. Mtu mmoja alisimama na ile karatasi ya jikoni mkononi akisoma majina, kila anayetajwa anaingia. Majina 23 yakasomwa. Kwenye gari nililoingia, kiti kimoja kilikuwa na sanduku la sampuli, lile la mifupa ya samaki, limefungwa mkanda vizuri lisianguke.

Niliuliza, na sikuuliza kwa sauti kubwa: "Na akina Mzee je?"

Nikajibiwa: "Hawa ni wa hapa. Wanajua kujilinda."

Nikatikisa kichwa kana kwamba nimeelewa. Nikafunga mlango. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuiandika kokote, na naiandika leo ili usidhani najifanya shujaa. Mwaitu aliniuliza ni nani atanitoa. Jibu lilikuwa: aliye na jina langu kwenye karatasi. Mzee aliyeiona hatari saa moja kabla ya simu hakuwa na jina pale.

Tulikaa Lodwar siku tisa. Samaki wa kukaanga, feni, intaneti. Wenzangu waliweka picha mtandaoni wakisema wameponea chupuchupu, na hawakudanganya, walikuwa wameogopa kweli. Tuliporudi, hema zilikuwa zimesimama. Shimo lilikuwa limefunikwa turubai, na mawe yamepangwa kwenye kingo zote upepo usiingie. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kando.

Alikuwa amelala hapo usiku wote tisa. Nikamuuliza nani alimwambia alinde. Akasema hakuna. "Lakini vitu vikiibwa, atalaumiwa nani?"

Malipo yao yalikuwa ya kutwa. Siku tisa bila kazi zilikuwa siku tisa bila pesa. Na yule kijana wa chekeche hakurudi. Mbuzi wa kwao walikuwa wamechukuliwa, naye akaenda na wajomba zake kulinda waliobaki. Mzee alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Nikauliza anawalinda kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Kwa bunduki."

Ndiyo kisa chote. Sasa maoni yangu, kwa sababu hapa ni mahali pa maoni.

Wengi wakisikia kisa kama hiki husema jambo moja: basi hizo kambi zifungwe hadi kuwe na amani. Nakataa. Kwanza, tukingoja Kaskazini ipate amani kamili ndipo tuchimbe, tutangoja sana. Vita vya Shifta vilipiganwa tangu 1963 hadi 1967, na mwaka uliofuata, 1968, timu ya Richard Leakey ilianza kutafuta visukuku mashariki mwa ziwa, katika eneo ambalo leo tunalijua kama Koobi Fora. Elimu yote tunayojivunia kuhusu chimbuko la binadamu imetoka kwenye ardhi ambayo haijawahi kutulia vizuri.

Ardhi yenyewe inasema hivyo. Mwaka wa 2012 karibu na Ziwa Turkana, pahali paitwapo Nataruk, Mturkana mmoja aliyekuwa msaidizi wa watafiti, Pedro Ebeya, aliona vipande vya mifupa ya watu vimejitokeza juu ya ardhi. Timu iliyoongozwa na Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge ikachimba, na Januari 2016 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature. Walikuwa mabaki ya watu wasiopungua 27, wa takriban miaka 10,000 iliyopita, wakiwemo watoto na mwanamke mjamzito. Kati ya mifupa 12 iliyokuwa karibu kamili, 10 ilikuwa na dalili za kifo cha mabavu: mafuvu yaliyopondwa, ncha za mawe zilizobaki mwilini. Wapo wanasayansi wanaobishana kuhusu baadhi ya alama hizo, na ni haki yao. Lakini angalia tarehe. Mwaka huo huo wa 2012, mwezi wa Novemba, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, kusini mwa ziwa hilo hilo, walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Anayechimba upande ule anasoma kuhusu mauaji ya kale huku akisikia kuhusu ya jana.

Pili, ukifunga kambi unamfukuza kazi nani? Profesa ana mshahara wake. Mwanafunzi wa ng'ambo atapelekwa nchi nyingine. Atakayekosa ni yule kijana mwenye cheti kwenye mfuko wa nailoni, na tumeshaona akikosa kazi ya chekeche anaenda kushika nini.

Kwa hivyo kambi zibaki. Shida ni hesabu. Kambi nzima ilikuwa na watu 34, na wakati wa hatari ikawa na watu 23. Wale 11 waligeuka kuwa sehemu ya mazingira, kama mgunga.

"Wanajua kujilinda." Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii. Wanajilinda kwa nini? Risasi haina habari kama wewe ni mwenyeji. Tena takwimu zote za uhasama wa Kaskazini ukizisoma, wanaokufa ni hao hao wenyeji. Mgeni ana polisi wa akiba langoni na gari lenye mafuta. Ukiniuliza nani yuko hatarini zaidi, nitakuonyesha aliyeachwa.

Kuna atakayeniambia kwamba Mzee mwenyewe asingekubali kuondoka. Ni kweli. Kabla sijarudi nyumbani nilimuuliza, kama wangekupa kiti ungekuja Lodwar? Akacheka hadi akakohoa. "Na mbuzi wangu waende na nani?" Mke wake, wajukuu, mifugo, kila kitu kilikuwa pale. Kiti cha Landkruza kilikuwa zawadi isiyomfaa.

Lakini hakuulizwa. Angeulizwa angesema anachotaka: lori limpeleke hadi kwa familia yake badala ya kutembea saa tatu akipita njia ile ile ya majangili. Alipwe siku ambazo si yeye aliyesimamisha kazi. Apewe namba ya kupiga, na mtu wa kumpigia kuuliza kama yu hai. Na aambiwe waziwazi kwamba hema zikiibwa hakuna atakayemlaumu, ili asilale jangwani peke yake usiku tisa akilinda turubai la watu.

Sasa nitakuambia kwa nini jambo hili linanichoma mimi Mkamba wa Matuu, ambaye Turkana ni mbali kama mwezi.

Sisi tunajua kuchimba kwa ajili ya watu wengine. Maji yanayokuza nyanya na mishiri ya kwetu yanapita kwenye mfereji wa Yatta, unaotoka Mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, na mikono iliyouchimba ni ya wafungwa wa Mau Mau. Nimekua nikiruka mfereji huo nikienda shule. Shuleni tulifunzwa faida zake kwa kilimo. Majina ya waliouchimba sikufunzwa hata moja.

Na wale waliotafuta mifupa na akina Leakey? Wengi walikuwa Wakamba. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, hakuwahi kukanyaga sekondari. Alianza kama kibarua wa kuchimba na akawa mmoja wa watafutaji visukuku hodari zaidi ulimwenguni. Agosti 1984, kando ya laga ya Nariokotome magharibi mwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto. Kikatoa mifupa ya yule kijana wa Turkana, wa takriban miaka milioni 1.5, mmoja wa binadamu wa kale waliopatikana wakiwa karibu wakamilifu. Bernard Ngeneo ndiye aliyeona fuvu maarufu la 1470 mwaka wa 1972. Justus Erus aliona fuvu la Lomekwi mwaka wa 1999. Sammy Lokorodi, Mturkana, aliwaonyesha watafiti mahali palipotoa zana za mawe za miaka milioni 3.3, zilizotangazwa 2015.

Kamoya alipewa shahada ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani mwaka wa 2021. Alifariki Julai 2022. Nilipokuwa naacha chuo, kila mtu akinihurumia, nilijifariji kwa jina lake. Lakini nikumbuke pia kwamba kwa kila Kamoya aliyepata medali wako makumi waliobaki kuwa nambari kwenye karatasi ya jikoni. Na tofauti yao naye haikuwa macho wala akili. Kuna mtu aliandika jina la mmoja na hakuandika ya wengine.

Nisimalize kwa kulalamika tu. Kuna mambo matatu yanayowezekana hata kesho asubuhi.

La kwanza, orodha moja. Nchini Kenya huwezi kuchimba vitu vya kale kiholela. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inadai leseni, na utafiti nao unahitaji kibali cha NACOSTI. Wanaotoa vibali hivyo waongeze sharti dogo: kabla ya kigingi cha kwanza, leta orodha ya kila mtu atakayelala au kufanya kazi kambini, jina, damu, jamaa wa kupigiwa, na mpango wa kila mmoja kukiharibika. Anayetaka kwenda Lodwar aende Lodwar. Anayetaka kwenda kwa mbuzi wake afikishwe.

La pili, pesa. Sheria ya WIBA ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Mwenye brashi ni mfanyakazi kama mwenye kompyuta. Na siku za kusimama kwa ajili ya usalama zilipwe, hata kama ni nusu. Kambi inayoweza kulipia hoteli watu 23 siku tisa haiwezi kusema imekosa posho ya watu 11.

La tatu, masikio. Mzee aliposoma punda, alikuwa anafanya kazi ile ile anayofanya akisoma udongo. Mbona tunaamini macho yake yakiwa yameelekea chini, na tunataka simu ithibitishe yakielekea mbali? Kila asubuhi, kabla ya gari kuwashwa, wenyeji waulizwe kwanza: leo kukoje? Wakisema si siku ya kutoka, hakuna kutoka.

Na wewe unayesoma hii ukiwa chuoni, ukisubiri kwa hamu mafunzo ya nyanjani, iwe ni Turkana, Baringo au Marsabit. Nenda. Usikae nyumbani kwa sababu yangu. Lakini ukifika, kabla hujauliza nywila ya intaneti, tafuta karatasi ya dharura uisome hadi mstari wa mwisho. Ukikuta nambari mahali panapofaa kuwa na majina, uliza ni akina nani. Uliza mbele ya watu, tena kwa sauti, siku ya kwanza, magari yakiwa bado yamezimwa. Mimi niliuliza siku ya mwisho, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, na kwa sauti ya mtu anayetaka ajibiwe haraka aondoke.

Bado nina namba ya mjukuu wa Mzee. Hunipigia mara moja moja, akimpa babu yake simu. Mara ya mwisho Mzee aliniuliza kama nimerudi shule. Nikamwambia bado. Nami nikamuuliza kuhusu kijana wetu wa chekeche. Akasema bado yuko na wajomba zake huko malishoni, na kwamba cheti chake amemwachia mama yake amtunzie.